Rudia kutoka Nyota

Ukurasa ni wa mama. Umekunjwa mara nne,
umeachia kwenye mikunjo, na kona moja ina doa la mawese.
Kifaransa chake ni cha chapa. Juu yake, kwa penseli,
mama aliandika alivyoelewa kule foaye ya akina mama, Kamalondo:
*jicho moja mbele, jicho moja nyuma.*
Na pale penye kinyota kidogo cha wino:
*rudia kutoka nyota hadi nyota.*

Mimi ni sentineli. Nilidhani ananiandikia mimi.

Saa kumi na mbili jioni natoa kiti getini kwa patroni, mtaa wa Golf,
nawasha mbabula,
nachomoa mfukoni spoku mbili za baiskeli
nilizozisugua kwenye saruji mpaka zikaacha kuuma.
Juni ya Lubumbashi ina meno.
Mchana ni vumbi jekundu na jua la kila siku;
usiku bomba la bustani linakohoa bila kutoa maji
na rungu langu linakuwa baridi kama samaki.

Sufu niliipata kwenye mitumba ya soko la Kenya:
sweta la mtu mnene, rangi ya ini, viwiko vimetoboka.
Nililifumua usiku tatu.
Uzi ulitoka umejikunja,
bado unakumbuka kifua cha mtu nisiyemjua.
Nikauosha, nikaufungia jiwe, ukanyooka.
Si kabisa.

Mwadi hakujua.
Yeye huamka saa tisa usiku kwenda kukaanga mikate,
mimi hurudi kitanda kimeshapoa upande wake.
Tunaonana kwenye bukari ya alasiri,
na mke hapimwi kwa kamba akiwa anakula.
Nikapima gauni lake kwenye kamba ya nguo, kwa shubiri,
linachuruzika maji hadi kwenye viatu vyangu.
Mama Numbi wa jirani aliniona nimelikumbatia.
Hakusema neno. Alicheka siku mbili.

Patroni naye akashusha kioo cha gari:
"Kabange, sentineli anayetazama mapaja yake
atamwona mwizi saa ngapi?"
Nikamwambia, patroni, nina macho mia na kumi na mawili,
nayahesabu kila mstari.
Akapandisha kioo. Sikujua kama amekasirika.
Kesho yake yaya aliniletea chai, ina sukari.

Mstari wa arobaini wa mkono wa kushoto, honi ililia,
nikaruka kufungua geti, na jicho moja likaanguka.
Sikuliona mpaka mstari wa arobaini na nane.
Mama angefumua.
Mama alikuwa akifumua mpaka sombe inaungua jikoni.
Nikapitisha kidole kidogo kwenye lile tundu, kikapita.
Nikaliacha.
Labda ni baridi. Labda nilichoka kurudia.

Shingo haimo kwenye ukurasa, iliondoka na kona nyingine.
Shingo niliibuni.

Likaisha wiki ya kwanza ya Oktoba,
joto limesharudi, paka wa parsele wamejinyoosha sakafuni.
Mwadi akalivaa. Kichwa kilipita kwa ugomvi.
Akainua mikono: vidole havionekani.
"Hii mikono ni ya nani?"
Gauni lililolowa hurefuka.
Hilo mama hakuliandika.

Siku yangu ya mapumziko nikamsindikiza, bado giza.
Alikuwa amelivaa. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni,
mafuta yanachemka, wateja wanatazamana.
Nikasema, vua, mama, utaiva.

Hakunijibu. Akavuta ile mikono mirefu ikafunika viganja,
akakamata karai la moto pande zote mbili,
akaliinua, akalitua chini,
akanituma unga.